Chungu Waliofungwa Chupani



Imetufikia barua kutoka Karatu, imeandikwa na mama mmoja ambaye jina lake tumelihifadhi. Asema kuwa mwanawe, kijana wa miaka 14, aliona katika simu ya mjomba wake picha za chungu wa nchi za mbali ambao hukata majani ya miti na kuyabeba juu ya vichwa vyao, safu kwa safu, mithili ya watu waendao na miavuli. Akaelezwa pia ya kuwa wako watu Ulaya na Marekani wawafugao chungu hao ndani ya masanduku ya kioo, humo humo sebuleni, kama sisi tufugavyo kuku uani. Kijana akashikwa na hamu isiyomwacha alale. Chungu wale hakuwa nao. Basi mvua za vuli ziliponyesha, na kumbikumbi wakatoka usiku kuifuata taa ya barazani, aliwakamata wengi, akawatia katika chupa kubwa ya achari pamoja na udongo mwekundu wa huko kwao, akafunika kwa kitambaa na kuificha chupa chini ya kitanda. Kumbikumbi wakapukutisha mbawa, wakachimba, wakazaa. Mwezi wa kwanza na wa pili alikuwa akiwaita nduguze awaonyeshe vijidudu vyeupe, vidogo kuliko punje ya mchele. Mwezi wa tatu wakaanza kufa, na kabla mwezi haujakwisha hakubaki hata mmoja. Baba akasema kuwa hiyo ni dhambi ya kuwatesa viumbe wa Mwenyezi Mungu, akaitwaa chupa akaivunja jaani. Tangu siku hiyo, asema mama, kijana hasemi na baba yake illa kwa lazima.

Mama huyu atuuliza mambo matatu. Je, mwanawe alifanya dhambi? Je, kwa nini wadudu wale walikufa, ilhali aliwapa maji na vijiti bila ya kukosa siku? Na je, ni kweli maneno ya vijana wa stendi ya mabasi kwamba wako wageni wanunuao chungu malkia kwa fedha nyingi? Maana mwanawe ameanza kuyasikiliza maneno hayo. Swali hili la tatu amelitia mwisho, kwa mstari mmoja tu, lakini sisi twadhani ndilo lililomfanya akashika kalamu.

Tuanze na hao chungu wa kwenye picha, kwani atazamaye picha huona mwendo wao tu, asione kazi yao. Chungu wakata majani wako katika bara la Amerika peke yake, tangu kusini ya Marekani hata Argentina. Afrika hawako. Watu wengi hudhani kuwa yale majani ni chakula chao, na sivyo. Huyapeleka katika vyumba vilivyo chini ya ardhi, wakayasafisha na kuyatafuna mpaka yakawa kama uji mzito, kisha juu yake hupanda kuvu, nayo ni kiumbe cha jamii ya uyoga, na kuvu hiyo ndiyo chakula cha watoto wao. Kwa hakika ni wakulima. Hupalilia ukungu mbaya utakao kuharibu shamba, hutia samadi, na takataka huzitupa mahali palipotengwa. Kila mmoja ana kazi yake kwa kadiri ya umbo lake: wenye vichwa vikubwa hulinda, wa kadiri hukata, na wale wadogo kabisa hupanda juu ya jani linalobebwa na mwenzao ili wamkinge na inzi wanaokuja kumtagia mayai mwilini. Kundi kubwa hufika mamilioni, na wote hao ni watoto wa mama mmoja, ambaye aweza kuishi zaidi ya miaka 10.

Na siku binti malkia atokapo kwao kuruka na kuolewa angani, hubeba katika kijifuko kilicho kinywani mwake kipande kidogo cha kuvu ya shamba la mama yake, kama bibi harusi aliyefungashiwa. Dume hufa baada ya harusi. Yeye hushuka, hukata mbawa zake, huchimba, na hukipanda kile kipande kabla hajawa na mtoto hata mmoja wa kumsaidia. Kipande kikioza, amekwisha. Msomaji na alikumbuke jambo hili, maana tutalirudia.

Basi atakaye kuwafuga hao ajue kuwa hafugi chungu, bali afuga shamba. Wataka majani mabichi kila siku. Wataka joto la nyuzi 25 hivi, usiku na mchana, na unyevu mwingi katika chumba cha kuvu. Jani lililopigwa dawa ya wadudu laweza kuliua shamba, na shamba likifa kundi zima hulifuata. Katika jumba la makumbusho la American Museum of Natural History mjini New York, sehemu mpya iliyofunguliwa mwaka 2023 iliwekwa kundi la chungu hao wapatao nusu milioni, nao wana watu maalumu wa kuwahudumia. Karatu, ambako katika miezi ya Juni na Julai watu hulala na mablanketi mawili, mwenye kutaka joto hilo itambidi awashe taa ya umeme usiku kucha, na mwenye kulipa umeme wa nyumba atakuwa na neno lake la kusema.

Walakini kijana hakukosea alipodhani kuwa mfano wa mambo hayo uko kwao. Kazi zile mbili, kukata na kulima, ambazo huko Amerika amepewa mdudu mmoja, kwetu Mwenyezi Mungu amewagawia wawili. Ukishuka kutoka ukingo wa Ngorongoro kuelekea nyanda za Ndutu, kwenye nyasi fupi, utawakuta mchwa wa namna ya pekee. Hawa wana macho na rangi ya kahawia, nao hutoka mchana, wakakata nyasi vipande vipande na kuviburura hadi mashimoni mwao. Hawapandi kitu, hula nyasi zenyewe. Na yule bweha masikio, mnyama mdogo mwenye masikio mapana ambaye huinamisha kichwa kana kwamba asikiliza redio iliyozikwa, hupata sehemu kubwa ya riziki yake kwa mchwa hao.

Wa pili ni mchwa wa vichuguu, na hawa ndio jamaa za kumbikumbi wa kijana wetu. Vichuguu vyao huonekana katika nchi ya chini, upande wa Makuyuni na Mto wa Mbu, kabla gari halijaanza kuupanda ukuta wa Bonde la Ufa kwenda Karatu. Huko Tarangire nguchiro wadogo hufanya nyumba ndani ya vile vilivyohamwa. Mtu hupita asivitazame, akiwa na haraka ya kwenda kumwona simba. Lakini ndani ya udongo ule mkavu mna shamba. Mchwa hula vijiti na majani makavu, na mavi yao huyajenga yakawa kitu chenye matundu mithili ya sifongo, na juu yake huota kuvu. Kuvu huulainisha mti usioliwa ukawa chakula. Kichuguu kimejengwa kwa namna ya kupitisha hewa na kushika joto, karibu nyuzi 30, hata nje kukiwa na baridi ya kutetemesha. Na mvua zikishiba, kuvu hiyo hiyo hutoboa udongo ikachipua nje: ndio ule uyoga wa kichuguu ambao mama zetu wanaujua utamu wake kuliko tuwezavyo kuueleza.

Yafaa tuseme hapa kuwa mchwa si chungu, ijapokuwa tumezoea kuwatia katika kapu moja. Wataalamu wamethibitisha kuwa mchwa ni jamaa ya mende. Kwao dume hafi baada ya harusi. Mfalme hukaa na malkia wake katika chumba kimoja maisha yao yote, naye malkia huvimba akawa kama kidole cha mtu, akitaga maelfu ya mayai kwa siku. Na ukulima wao si wa jana. Mwaka 2016 wataalamu walitangaza kuwa katika miamba ya bonde la Rukwa, hapa hapa Tanzania, wamekuta vichuguu vilivyogeuka mawe na mashamba ya kuvu yangalimo ndani, vya umri wa miaka milioni 25. Wakulima wa kale kuliko wote waliopatikana katika nchi hii, basi, ni mchwa wa Rukwa.

Sasa twaweza kulijibu swali la pili. Tulisema kuwa binti wa chungu wa Amerika hufungashiwa mbegu. Kumbikumbi wetu, walio wengi, hawafungashiwi. Dume na jike huanza maisha mikono mitupu. Hulea watoto wa kwanza kwa akiba iliyomo miilini mwao, na watoto hao wakikomaa, baada ya siku kama 100, hufungua mlango wakatoka kutafuta chakula. Na huko nje, katika majani makavu, huokota chembe ndogo zisizoonekana kwa macho, ambazo ni mbegu za kuvu zilizomwagwa na uyoga wa vichuguu vingine. Hurudi nazo matumboni, na hapo ndipo shamba huanza. Chupa ya kijana ilikuwa na udongo, ilikuwa na maji, ilikuwa na vijiti. Mlango haikuwa nao. Mwezi wa tatu ulipofika, wakati wa watoto kutoka kwenda kutafuta mbegu, walikuta kioo. Wakafa kwa njaa na vijiti viko mbele yao, kwa sababu hapakuwa na cha kuvipika.

Kijana hakuwatesa kwa kusudi. Aliwapa kila alichokijua. Alichowanyima ni kile asichokijua, na wataalamu wenyewe walichukua miaka mingi mpaka wakakijua. Lakini ndivyo kulivyo kumfunga kiumbe chupani: tangu saa ile unapokaza kifuniko, kila haja yake imekuwa juu yako, hata zile usizozijua kwamba ziko.

Tuje katika dhambi. Katika Kurani Tukufu wadudu hawa wawili wote wametajwa katika kisa cha Nabii mmoja, Seyyidna Suleiman, amani iwe juu yake. Katika Sura ya 27, ambayo imepewa jina la chungu, chungu mmoja aliwaonya wenzake waingie majumbani mwao wasije wakapondwa na majeshi yapitayo bila ya kujua. Na Nabii Suleiman, aliyefundishwa lugha za viumbe, alilisikia neno lake, akatabasamu, akamwomba Mola wake amwezeshe kushukuru. Na katika Sura ya 34 imeelezwa jinsi alivyofishwa hali amejitegemeza kwa fimbo yake, majini wasijue, mpaka mdudu wa ardhi alipoila fimbo hiyo. Na wafasiri wamesema mdudu huyo ni mchwa. Chungu akamnenea katika uhai wake, na mchwa akatangaza mauti yake. Na katika Sura ya 6 tumeelezwa kuwa viumbe watambaao na warukao ni umma mfano wetu.

Katika hadithi za Mtume, s.a.w., chungu ametajwa mara nyingi kuliko wanavyodhani watu. Katika mapokezi ya Abu Daud ni mmoja wa wanne waliokatazwa kuuawa, pamoja na nyuki, na hud-hud, na ndege mwingine aitwaye surad. Bukhari na Muslim wamepokea khabari za Nabii mmoja wa zamani aliyeumwa na chungu chini ya mti, akaamuru kichuguu chote kichomwe, na Mwenyezi Mungu akamlaumu kwa kuuteketeza umma umsabihio kwa kosa la mmoja. Masahaba nao walipochoma kijiji cha chungu safarini, Mtume aliwakataza, kwa kuwa kuadhibu kwa moto ni kwa Mola wa moto. Haya tunayasema kwa kuwa twajua nyumba ngapi za Waislamu humwagia chungu maji ya moto asubuhi, kisha wakaketi kunywa chai. Akiwa ana madhara na hakuna njia ya kumwondoa, wanavyuoni wamempa mtu ruhusa ya kujilinda. Lakini mkono usianze na birika.

Ama kuwafuga, hapa twamwomba baba wa kijana atusikilize kwa moyo mwema. Anas bin Malik, r.a., alikuwa na ndugu yake mdogo, Abu Umair, aliyekuwa na kindege cha kuchezea. Kindege kikafa, mtoto akahuzunika, na Mtume, s.a.w., kila amwonapo alimkabili kwa mzaha wa upole na kumwuliza khabari za kindege chake. Hakumkemea. Mwanachuoni wa madhehebu yetu ya Shafi, Ibn al-Qas, aliandika kitabu kizima juu ya hadithi hiyo moja, akitoa ndani yake mafunzo zaidi ya 60, na wanavyuoni wamechukua humo ruhusa ya mtoto kuwa na ndege maadamu hateswi. Mkabala wake iko hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka, aliyemfunga asimlishe wala asimwachie akajitafutia mwenyewe wadudu wa ardhi. Wasomaji watazame vema: lawama haikuwa juu ya paka kukaa nyumbani. Ilikuwa juu ya mlango uliofungwa na sahani iliyo tupu.

Kwa hivyo jawabu letu ni kwamba kijana hakutenda dhambi kwa nia yake wala kwa kazi yake, kwani hakujua. Lakini sasa amekwisha kujua, na akiwafunga tena kumbikumbi katika chupa isiyo na mbegu, hatutaweza kumtetea kama tunavyomtetea leo. Na baba alikuwa na haki ya kuwahurumia viumbe. Twaona tu kwamba huruma yake ilikwenda yote kwa mchwa, isibaki hata kidogo kwa yule aliyeketi akiwalilia. Mtume alikaa na mtoto aliyefiwa na kindege. Chupa ingeweza kungoja.

Kisha lile la fedha. Tutalisema wazi, kwa kuwa vijana wa stendi wanalisema nusu. Ni kweli wako wanunuzi. Katika Afrika Mashariki yuko chungu mkubwa mwekundu na mweusi mwenye kukusanya mbegu za nyasi, na malkia wake mmoja huuzwa huko Ulaya kwa zaidi ya paundi 100, kwa sababu malkia aliyekwisha kuolewa ni kundi zima ndani ya kichupa kimoja. Mwezi wa Aprili 2025, huko Naivasha, Kenya, walikamatwa vijana wawili wa Kibelgiji, hawajatimiza miaka 20, wakiwa na malkia hao wapatao 5,000 ndani ya vichupa vyembamba zaidi ya 2,200 vyenye pamba na maji, vilivyotengenezwa ili wadudu wakae hai hata miezi miwili. Katika mambo hayo hayo walishitakiwa pia Mkenya mmoja na mtu wa Vietnam waliokutwa na mamia mengine. Tarehe 7 Mei mahakama mjini Nairobi iliwahukumu kila mmoja kutoa faini ya shilingi za Kenya milioni moja, au kifungo cha miezi 12. Wale Wabelgiji walisema hawakuja kwa nia ya kuvunja sheria. Twaamini walisema kweli. Lakini hakimu hakuona kuwa wingi kama ule ni mchezo wa kupitishia wakati.

Kijana wetu wa Karatu na aitazame miaka yao. Wamemzidi kwa miaka michache tu. Na atazame vilevile ni nani alipwaye: mkusanyaji anayeinama shambani na kopo lake hupata shilingi, na paundi hubaki kwa yule aliyeko Ulaya. Akikamatwa, aliyekutwa na kopo ndiye ajibuye. Tanzania nayo ilisimamisha usafirishaji wa wanyama hai wa porini nje ya nchi mwaka 2016, na ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro mtu haokoti kiumbe akakitia mfukoni, awe tembo au chungu. Atakuja mtu aseme kuwa malkia wengi huliwa na ndege siku hiyo hiyo ya kuruka. Ni kweli, na kwa ajili hiyo wale wachache wanaosalimika ndio makundi ya miaka ijayo, ndio wapandaji wa nyasi ambazo ng'ombe wetu watakula.

Tena liko jambo ambalo wafanyabiashara hao hawaliulizi. Imamu Nawawi katika Minhaj, kitabu kilichosomeshwa na mashekhe wa pwani yetu kizazi baada ya kizazi, hakusahihisha biashara ya wadudu wasio na manufaa; na wanavyuoni wametoa humo wale wenye manufaa yajulikanayo, kama nyuki, na mdudu wa hariri, na ruba wa kunyonya damu. Je, kumtazama chungu kwa ajili ya elimu ni manufaa? Yamkini mwanachuoni wa leo aseme ndiyo. Hatutaki kutangulia mbele ya mashekhe. Lakini mwenye kuokota malkia gizani kwa mgeni asiyemjua, ili wapitishwe uwanja wa ndege kwa siri, haifuati elimu, na swali lake si gumu hivyo.

Mama ameandika pia, pembeni mwa karatasi, kwamba kijana auliza kama yeye mwenyewe aweza kuagiza wale wakata majani kwa posta. Hapana, asiagize. Huko kwao wanaweza kuuacha mchungwa au mkaratusi uchi kwa muda mfupi, na Karatu ni nchi ya kahawa na mboga. Na kama adhani mdudu mdogo hawezi kuigeuza nchi, na asikie yaliyotokea Laikipia, Kenya. Huko, kama ilivyo hata upande wetu wa Serengeti na Ngorongoro, hukua mgunga mfupi wenye vinundu vyeusi ambavyo hupiga mbinja upepo upitapo. Ndani ya vinundu hukaa chungu, na tembo akija kuvunja matawi, chungu humwingia puani, akaacha. Kisha akaja chungu mgeni mwenye kichwa kikubwa, ambaye amesambazwa duniani katika mizigo ya watu. Akawaua wale wenyeji. Migunga ikabaki bila ya walinzi, tembo wakaivunja, nchi ikawa wazi. Simba, ambao huvizia nyuma ya miti hiyo, wakakosa pa kujificha. Wataalamu waliochunguza katika hifadhi ya Ol Pejeta walitangaza mwaka 2024 kuwa katika kila wanyama 100 waliouawa na simba, punda milia walikuwa 67 mwaka 2003, wakawa 42 tu mwaka 2020. Na simba wakageukia nyati, ambaye ni khatari zaidi kumwinda. Simba amebadilishiwa chakula na chungu! Hakuna aliyekusudia. Yamkini alikuja katika udongo wa chungu cha maua.

Basi kijana afanye nini na hamu yake? Hatupendi izimwe. Masika yakija, amwombe baba yake wafuatane hadi penye kichuguu kilicho karibu, kwa idhini ya mwenye shamba. Wasikibomoe, wavunje kipande cha kadiri ya kiganja upande mmoja, wakae kimya, watazame. Watatoka kwanza askari wenye vichwa vyekundu, kisha wafanyakazi kila mmoja na tonge la udongo kinywani, na kabla ya asubuhi ya pili ufa utakuwa umezibwa. Aandike saa walipoanza na saa walipomaliza. Uyoga ukichipua, auchore kabla mama hajautia sufuriani.

Na akitaka chungu wa kuwatazama nyumbani, achukue wafanyakazi 20 tu wa wale wakusanya mbegu, nje ya hifadhi, asimguse malkia. Awatie katika chupa pana yenye udongo uliolowanishwa kidogo, pamba yenye maji upande mmoja, punje za ulezi upande wa pili, kitambaa chepesi kinywani na karatasi nyeusi ya kuizunguka, maana chini ya ardhi hakuna jua. Atawaona wakizimenya punje na kuzitafuna ziwe kama mkate. Siku ya tano awarudishe kwenye shimo lile lile alilowatoa, jioni, jua likipoa. Shimo alitie alama ya kijiti, kwani kundi jingine la karibu halitawapokea, litawaua.

Daftari lake likijaa, mama na atuletee kurasa mbili tatu, na mchoro wa uyoga. Tutaupiga chapa katika ukurasa huu.